Kitabu Kilichopikiwa Pilau

Walimu wenzangu wa idara ya Kiingereza, mliponiaga mlinipa godoro, doti ya kitenge, na hotuba ndefu ambayo ndani yake nilisikia habari za mwanamke mwema sana nisiyemfahamu. Kisha mkaniomba niwaandikie walimu wapya chochote nitakachokumbuka. Sasa nimekaa barazani hapa Buzebazeba, miguu iko juu ya stuli kwa amri ya daktari, na muda ninao. Vyeo na madaraja ya mshahara sitayagusa, hayo yako kwenye faili langu na hayajawahi kumchangamsha mtu. Nitaandika juu ya vile vitabu vyembamba vya hadithi, kwa sababu nimesikia mmeanza kuvifungia tena kabatini ili visichakae.

Nilifika Ujiji nikiwa na stashahada mkononi na kitabu cha sarufi kizito kuliko begi langu la nguo. Darasa langu la kwanza lilikuwa kidato cha pili. Niliingia nikafundisha kipindi kizima kwa Kiingereza, kama tulivyoagizwa chuoni, na kimya kilikuwa cha kupendeza. Kila nilipouliza kama wameelewa waliitikia kwa pamoja, "Yesi, Madamu," nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii. Mwishoni nikamuuliza msichana wa dawati la mbele jina lake nani, kwa Kiingereza hichohicho. Akasimama, akaniangalia kwa heshima zote, akasema, "Yesi, Madamu."

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Gervasi, mtu mfupi mwenye koti moja la kahawia ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alikuwa Muha wa kule juu kama mimi, na alinisalimu "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, hata saa nane za mchana, kwa kuwa kwake asubuhi ilikuwa haijaisha mpaka amekunywa chai.

"Wamekuelewa?" akaniuliza.

"Wameitikia vizuri sana."

"Mimi nimeuliza kingine, mwanangu."

Hakunisema zaidi. Alinipeleka stoo, akasogeza majembe na mipira iliyopasuka, akafungua tranka la bati. Ndani kulikuwa na vitabu vidogo vya hadithi vilivyoletwa na wafadhili miaka ya nyuma, vipya kabisa, vikinuka dawa ya mende. Mkuu wa shule aliyekuwapo alikuwa ameviweka humo ili visipotee, na kwa kweli hakuna hata kimoja kilichokuwa kimepotea. Wala hakuna kilichokuwa kimesomwa.

Mwalimu Gervasi alinieleza pale pale, tumeinama juu ya tranka. Vitabu vile vimeandikwa kwa makusudi, kwa ajili ya watu wanaojifunza lugha. Cha ngazi ya kwanza kina maneno machache ya kila siku yanayorudiwarudiwa, cha ngazi ya pili kinaongeza kidogo, na hivyo hivyo kupanda, mpaka siku moja mtoto anajikuta anasoma kitabu cha watu wazima bila kujua alipandaje. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha mtoto anasoma vingi, vyepesi, anavyovipenda, na kisha kunyamaza. Hilo la kunyamaza lilinichukua miaka.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ya vidole. Mtoto anafungua ukurasa wowote, anakunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ukurasa haujaisha, kitabu kimemzidi, akirudishe achukue chepesi zaidi. Kitabu kikimchosha, akiache katikati bila kuomba radhi. Hakuna maswali mwishoni, hakuna alama, hakuna muhtasari wa kurasa mbili. Na mwalimu naye akae mbele ya darasa na kitabu chake, asome. Nilipomuuliza mkaguzi akija atasemaje, alisema mkaguzi naye apewe kitabu.

Tulivikava vitabu vyote kwa karatasi za kaki na gundi ya unga wa muhogo, tukabandika rangi mgongoni, kila ngazi na rangi yake. Walimu wapya, kaveni vitabu vyenu kwa mikono yenu. Ukishakikava kitabu huwezi tena kukifungia.

Tatizo la kwanza lilikuwa fahari. Wanafunzi wote walitaka vinene. Kijana mmoja wa Katonga alitembea na kitabu cha ngazi ya juu kwapani muhula mzima, akakirudisha kikiwa safi kabisa, na nilipomuuliza kilihusu nini alisema kilihusu mambo mengi. Tangu siku hiyo niliviogopa vitabu vinavyorudi safi. Kilichorudi na alama ya kidole cha mawese ukurasa wa ishirini, na nyingine ukurasa wa arobaini, nilijua kimesomwa wakati wa kula, na hiyo ndiyo sifa kubwa ambayo kitabu kinaweza kupata. Vingine vilirudi na magamba ya samaki, mgebuka wa ziwani kwetu. Tulivikung'uta tukaviazima tena.

Tatizo la pili lilikuwa ziwa. Nyie mnaofundisha watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mnajua wanavyosinzia. Giza likiwapo mitumbwi inatoka na taa kufuata dagaa, na nusu ya wavulana wangu walikuwa humo. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazijali taa, mitumbwi inapumzika, na darasa linajaa. Kwa hiyo nilianza kugawa vitabu vipya mbalamwezi inapoanza kukomaa, wakati kila mtu yuko nyumbani na hana pa kwenda. Mkaguzi mmoja aliniuliza kwa nini ratiba yangu ya kuazima haifuati wiki za muhula. Nikamwambia inafuata mwezi. Akaridhika, akaandika kwamba vitabu huazimwa kila mwezi, nami sikuona sababu ya kumsumbua.

Mwalimu Gervasi alistaafu, akarudi kulima migomba yake, nikaachiwa ufunguo. Wakuu wa shule walikuja wakaondoka. Mmoja wao, mtu wa hisabati, aliniuliza mbele ya kikao kizima kama hadithi hizi zinatoka kwenye mtihani. Nikasema hazitoki. Akauliza basi watoto wanazisoma kwa nini. Nikampa moja akaikague maudhui. Alikaa nayo mpaka shule inafungwa, akairudisha, na wiki ya kwanza ya muhula uliofuata akamtuma katibu wake kuuliza kama kuna nyingine ya mwandishi yuleyule. Habari ya mtihani hakuirudia.

Sasa nifike kwa Zubeda, ambaye ndiye sababu hasa ya kuandika haya.

Zubeda alikuwa mtoto wa Ujiji, wa zile nyumba za zamani za udongo zenye milango mizito. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, Bi Mwamvita. Aliyewatunza wote wawili alikuwa mjomba wake, Hamadi, mwenye duka la vitenge Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Alipokuja kwangu alikuwa anarudia kidato cha pili. Nyie mnaijua sheria ilivyokuwa: ukianguka mara ya pili, unatoka shuleni. Mjomba alikuwa amekwisha kusema kwa simu kwamba akianguka tena atakuja kumchukua akamsaidie dukani, na Bi Mwamvita alikuwa amekubali. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa na mwaka mmoja tu wa kubaki shuleni au kuvuka ziwa.

Na hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa na kichwa ambacho sijakiona tena. Madrasa ya mtaani kwao walimtolea mfano, kwa kuwa alihifadhi upesi na hakusahau. Tabu ni kwamba alikuja na silaha hiyohiyo darasani. Notisi za Kiingereza alizihifadhi zote, na mtihani ukiuliza kama notisi zilivyosema alipata zote. Swali likigeuzwa upande tu, aliandika notisi zilezile kwa mwandiko mzuri na kupata sifuri.

Nikampa kitabu cha ngazi ya kwanza kabisa, chembamba kama daftari. Kilikuwa hadithi ya kijana ambaye mama yake amepelekwa hospitali ya mji wa mbali, naye kila jioni anakwenda kusubiri treni. Nikamwambia, "Soma hiki, ukipenda uje uchukue kingine."

Wenzake wakasoma vitatu, wakasoma vinne. Zubeda hajarudi. Kila nikimuuliza ananijibu kwa adabu, "Bado kidogo, Madamu. Nimebakiza kurasa chache." Mbalamwezi ikaja ikaenda. Nikadhani kimepotea na mtoto anaona aibu kusema. Mwishowe akaja ofisini na ujumbe wa bibi yake: Ijumaa baada ya swala naombwa nyumbani kwao, tafadhali nisikose.

Nilikwenda nimejiandaa kusamehe kitabu kilichopotea. Nilipokaribia nyumba nikasikia harufu ya pilau. Uani kulikuwa na majirani wamekaa kwenye majamvi, wanawake upande mmoja, wazee wawili upande mwingine, na sufuria kubwa jikoni. Zubeda alikuwa katikati, amevaa ushungi mpya mweupe, na kitabu changu chembamba kiko mbele yake juu ya mto wenye mfuko uliotariziwa.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Kuna shughuli gani?"

"Marahaba, mwanangu, karibu ukae. Leo mjukuu wangu anahitimu kitabu chako."

Nikaketi. Zubeda akafumba macho, akaanza. Alikisoma kitabu chote kwa moyo. Alianza na jina la jalada, akaja jina la mwandishi, akapita maneno ya mchapishaji yanayokataza mtu yeyote kukinakili kitabu hiki kwa njia yoyote bila ruhusa ya maandishi, halafu hadithi yenyewe sura kwa sura, pamoja na namba za kurasa. Aliyumba taratibu huku na huku, sauti yake nzuri, hakukwama hata mahali pamoja. Alipomaliza wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaniambia hajapata kusikia Kiingereza kilichonyooka namna ile.

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, lakini nilipiga makofi. Kwao kitabu ndivyo kinavyosomwa. Kinachukuliwa kizima, mwalimu anasikiliza, kukiwa hakuna kosa nyumba inapika na jirani wanaitwa. Mtoto yule alikuwa amekipa kitabu changu heshima ya juu kuliko zote alizozijua. Sijapata kupewa heshima kama ile tena, hata siku ya godoro.

Wakati wa kunawa mikono nilimpata pembeni, penye birika. Nikamuuliza polepole kwa Kiswahili, "Hivi Zubeda, yule mama alirudi?"

"Mama gani, Madamu?"

"Wa kwenye kitabu."

Akaniangalia. Nikaona anapekua kurasa zote kichwani, kwa haraka, anatafuta. "Mle kuna mama?" akauliza.

Pilau nilikula, na ilikuwa nzuri. Lakini niliona waziwazi mtihani wa mwisho wa mwaka unavyokuja na namna atakavyoanguka.

Majirani walipoondoka nikabaki na Bi Mwamvita. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye hina miguuni na ulimi usioogopa mtu. Nikamweleza kwamba vitabu hivi si vya kuhifadhi. Ni vya kusoma, kuelewa, kurudisha na kuchukua kingine.

"Kisomwe kiachwe?" akasema. "Ati kitabu kizima upite tu kama mtu asiyejua kusalimia? Madamu, wewe si umesikia mwenyewe? Hakukosea hata herufi."

"Hakukosea, Bibi. Lakini hajui kimesema nini."

"Atajua akikua. Mie nilihifadhi mambo nikiwa mtoto, nikayaelewa nina wajukuu."

"Mtihani wake ni mwaka huu, Bibi. Hautamsubiri apate wajukuu."

Akapanga vikombe. Nikamuuliza, "Mwanao Hamadi akikuandikia barua kutoka Kalemie, utaihifadhi maneno yake, au utataka kwanza kujua mwanao yu mzima?"

"Nitataka kujua kama mzima," akasema. "Na kama amekula."

"Basi na hivi vitabu ni hivyohivyo. Kuna watu humo ndani. Tunataka kujua wazima au la."

Hapo nikamwomba kazi. Nilimwambia mimi nina darasa zima, siwezi kumsikiliza Zubeda kila siku, yeye anaweza. Akasema Kiingereza hakijui hata salamu. Nikamwambia ndiyo maana namtaka yeye. Kila jioni baada ya kuswali Magharibi amwite mtoto, kitabu kikiwa kimefungwa, amuulize kwa Kiswahili hadithi imefika wapi. Asikague herufi. Adai habari: nani kafanya nini, na kwa nini, na sasa itakuwaje. Mtoto akishindwa kujibu, arudi akasome tena ukurasa ule.

"Umbea, kwa ufupi," akasema Bi Mwamvita.

"Ndiyo, Bibi."

"Hiyo naiweza."

Walimu wapya, chuoni mtafundishwa majina marefu ya mbinu za kufundishia. Mimi sijaona mbinu iliyomshinda bibi anayetaka kujua habari za watu. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Zubeda alizoea kuingiza maneno bila kuyagusa, na sasa ilimbidi ayafungue moja moja mbele ya mtu asiyeridhika. Aliniambia bibi anamkata kalima. Akisema mwanamume alitoka nje, bibi anauliza alitoka kwa hasira au alikwenda haja. Akisema sijui, anarudishwa kitabuni. Kesho yake anakuja na jibu, na mara nyingi jibu lilikuwemo kweli, katika neno moja dogo alilolipita.

Halafu bibi akanogewa. Nilianza kupata salamu kutoka kwake kwamba kitabu cha juzi kilikuwa kifupi mno, na kwamba yule mwenye nyumba wa kwenye hadithi hana adabu, angalau angeaga. Mara moja alituma kuuliza kama kuna kitabu kingine ambamo yule mfanyabiashara anapata adhabu, kwa sababu kimeisha hajaadhibiwa na hilo si sawa. Zubeda akawa anachukua vitabu viwili viwili. Rangi ya kwanza ikaisha, akaingia ya pili. Vilirudi na mawese, nami nilivipokea kwa furaha.

Siku moja wakati wa mapumziko alikuja mbio mpaka dirisha la ofisi ya walimu, macho mekundu. Nikatoka, nikidhani kumetokea msiba nyumbani.

"Madamu, hakurudi."

"Nani hakurudi?"

"Yule mama. Wa kitabu cha kwanza." Alikuwa anatwanga kisamvu asubuhi, akawa anakisoma kitabu kile kwa mazoea, vile anavyoimba mtu akiwa na kazi, na katikati ya kutwanga akasikia maneno yenyewe yanasema. Majirani wanaleta chakula. Kijana anaacha kwenda stesheni. "Hawakuandika kwamba amekufa, Madamu, lakini amekufa. Nimemsoma mara zote zile, mbele ya watu, tukala na pilau. Sikujua."

Alilia, nami nililia, pale nje ya ofisi, mwalimu wa jiografia akitupita na ramani yake. Mtoto yule alijua mama asiyerudi ni nini kuliko mimi. Nilimpa leso, nikamwambia akanawe uso, kipindi kinaanza. Moyoni nilijua lugha imeingia. Kama ingewahi mtihani, hilo sikulijua.

Mtihani ukaja. Nilisimamia chumba kingine, kwa hiyo sikuona uso wake. Alipotoka nilimuuliza maswali yalikuwaje, akasema, "Waligeuza yote, Madamu," na sikuweza kujua kama ni habari njema. Shule ikafungwa. Nilimwachia kitabu cha ngazi ya tatu cha likizo, hadithi ya mpishi wa hoteli anayeshukiwa kuiba mkufu wa mgeni.

Matokeo yalitoka shule haijafunguliwa. Niliyatazama kwenye simu ya mpwa wangu, nikabonyeza ovyo mpaka akaninyang'anya akatafuta yeye. Amefaulu. Hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Kiingereza alikuwa amepata alama ya katikati, ile ambayo hakuna mzazi anayeitangaza. Kwangu ilitosha mbingu na ardhi. Nilivaa viatu vilivyokuwa karibu nikaenda Ujiji.

Nilikuta begi mlangoni. Mjomba Hamadi alikuwa amefika jana yake kutoka Kalemie. Alikuwa ameketi kwenye kiti uani, mtu mnene mpole, amechoka na safari. Zubeda alikuwa amesimama kwenye nguzo ya jiko na gauni lake zuri. Bi Mwamvita anachagua maharage kwenye ungo.

"Amefaulu," nikasema, hata salamu sijatoa.

Zubeda akaziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Mwamvita hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama juu ya maharage.

"Alhamdulillahi," akasema mjomba, na alifurahi kweli, nilimwona. "Hongera, mwanangu. Hongera nawe, Madamu, umefanya kazi." Kisha akafuta uso. "Ila safari iko palepale. Msichana wangu wa dukani ameondoka, nimebaki na watu nisiowajua. Nahitaji mtu wa damu yangu. Kufaulu kwake ni faida, atawahudumia hata wageni."

"Kaka Hamadi," nikasema, "makubaliano yalikuwa akianguka."

"Najua, Madamu. Duka lilikuwa halijapungukiwa mtu."

Sikuwa mzazi pale, wala si mimi niliyeipelekea unga nyumba ile. Nilimtazama Bi Mwamvita. Miaka yote hakuwahi kumpinga mwanawe kwa lolote, hilo nililijua, na mtaa mzima ulilijua, na sikuwa na haki ya kumwomba aanze leo kwa ajili ya vitabu vyangu. Nikakaa juu ya kigoda bila kukaribishwa.

Bi Mwamvita akaweka ungo chini. "Zubeda," akasema. "Kilete."

Zubeda akaingia ndani, akatoka na kitabu cha mpishi.

"Tumefika wapi?"

Zubeda akamtazama mjomba wake, akanitazama mimi. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Polisi wameingia chumbani kwa mpishi, Bibi. Wameukuta mkufu chini ya godoro. Mpishi anasema si yeye."

"Na mie nasema nani?"

"Bibi anasema ni mke wa mwenye hoteli."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alishika funguo bila kuulizwa."

"Wewe Hamadi," akasema Bi Mwamvita, "huyo mpishi atafungwa au hatafungwa?"

Mjomba akacheka kidogo, kama mtu anayemwendekeza mama yake. "Mama, mie nitajuaje?"

"Mie pia sijui. Na katika nyumba hii anayeweza kunijuza ni mmoja tu, naye unataka kumvusha ziwa akapime vitenge." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na akimaliza hicho kuna rangi nyingine, Madamu ameniambia, na baada ya hiyo kuna nyingine. Mimi ni mtu mzima, Hamadi. Watu nitakaowajua sasa ndio hao. Litafutie duka mtu mwingine."

Mjomba alimwangalia mama yake, halafu akaliangalia begi pale mlangoni, halafu kile kitabu kidogo chenye kava la kaki. Nilidhani atasimama. Badala yake aliinama akavua viatu, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kiti.

"Huo mkufu," akamuuliza Zubeda, "kwani ulikuwa wa nani?"